Droo ya Wapweke

Kwetu hakuna jana. Kuna chini. Ukimuuliza mtu alizaliwa lini, atakuonyesha kimo kwa kiganja, kifuani au kiunoni. Ukimuuliza babu yake alikufa lini, atachuchumaa agonge sakafu. Mambo ya kale kabisa tunayaita chini ya chini. Na leo, leo hii yenye jua na njaa, tunaiita uso wa maji. Msinicheke. Nyinyi mnapima wakati kwa mishale inayozunguka palepale kama ngamia wa kinu cha mafuta. Sisi tunapima kwa tope, na tope angalau linakwenda mahali.

Tope lenyewe ni la ziwa letu. Ziwa liko katikati ya mji, mji uko katikati ya ukuta, na ukuta uko katikati ya sijui nini, maana nilikuwa sijawahi kutoka. Kila msimu ziwa hutandika shuka la tope juu ya shuka jingine, na ndani ya kila shuka zimelala spora. Spora ni mbegu za kuvu, zile chembe ambazo uyoga na ukungu huzipuliza zikajiendea na upepo. Ni ndogo hata vumbi likikaa kando yake linaonekana pande la mtu. Mwili wa uyoga unaoza kabla hujamaliza kuusifia. Spora haiozi. Ina ganda gumu la rangi ya chai iliyokolea, inazama ziwani, inalala, inageuka kisukuku na inasubiri. Kazi yangu mimi, Mwamvita wa Nyumba ya Majina, ni kuiamsha na kuiuliza: wewe nani?

Kazi tamu, jamani! Tunachimba mche wa tope kwa bomba refu. Tunaukata vipande, tunauchekecha kwa nguvu mpaka mikono inakufa ganzi, kisha tunaumwagia tindikali inayokula mchanga na jiwe lakini hailiwezi ganda la spora. Kinachobaki tunakidondosha juu ya kipande cha kioo, tone la gliserini, kioo kingine juu yake, na jicho kwenye hadubini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nimeinama mpaka shingo imesahau kazi yake nyingine. Halafu yanaanza maswali. Una vyumba vingapi ndani yako? Una mlango au huna? Mlango wako ni tundu au ni ufa? Ngozi yako laini au ina vipele? Wazazi hatumuulizi, kwa sababu mzazi ameshaoza na hayupo wa kujibu. Tunampa jina kwa sura yake tu. Tunamweka kwenye droo ya idadi ya vyumba vyake, tunafunga droo, na tunakwenda kunywa chai tukiwa na furaha ya watu waliomjua mtu mpya.

Nikikwambia nimewahi kumkuta mmoja mwenye nywele kama kiwavi, na mwingine mwenye mistari kama tikiti maji, utasema Mwamvita anapamba. Sipambi. Nimelia machozi mbele ya spora yenye vyumba vilivyopangika kama sega la nyuki, nikajiuliza: uzuri huu wote, gizani, chini ya maji, ulikuwa wa nani? Nani alikuwa autazame? Nikajijibu mwenyewe: mimi, ala! Ndiyo maana nikazaliwa na macho mawili.

Sasa sheria. Sheria ya mji ni moja na ni fupi, imechongwa juu ya lango: ASIYEMO TOPENI HAMO MJINI. Chochote ambacho tope linakikumbuka kina haki ya kukaa ndani ya ukuta. Tumekuta spora za kuvu inayoshambulia mtama, basi mtama una haki na ugali wake halali. Tumekuta za kuvu inayokula miti mikavu, basi kuni na milango tunaruhusiwa. Ng'ombe hatukuwahi kumkuta. Hakuna pembe topeni, hakuna mfupa, hakuna alama yake. Kwa hiyo ng'ombe haingii, wala maziwa yake, wala watu wake.

Na watu nao wana droo zao. Kila mkazi huvaa kifuani vipingili vya mfupa kadiri ukoo wake unavyojulikana. Mwenye baba na mama wanaojulikana ana viwili. Mwenye mababu ana mkufu mzima. Bwana Shekalaghe, Mkuu wa Nyumba ya Majina, ana mkufu unaomfika kitovuni, na unalia akitembea, kwa hiyo ukiusikia unameza haraka kile kipande cha muhogo na kujifanya unafanya kazi. Mimi nina kipingili kimoja. Niliokotwa kando ya ziwa nimeviringishwa gunia. Kwenye hesabu ya mji mimi ni Mpweke, chumba kimoja, kwisha habari. Usinionee huruma, nimekula vizuri na nimecheka sana maishani. Ila swali moja limenikaa kooni kama mwiba wa samaki, haliingii wala halitoki: kilicho peke yake, je, kilizaliwa peke yake?

Nauliza hivyo kwa sababu Nyumbani mwetu droo kubwa kuliko zote ni Droo ya Wapweke. Ina mpini wa shaba ambao Bwana Shekalaghe huufuta kila asubuhi kwa shuka lake mwenyewe, maana aliyeianzisha ni babu yake. Wamo humo spora za chumba kimoja, na wapo wa aina mbili. Kuna mwenye Ncha: upande mmoja amechongoka kidogo, upande wa pili bapa. Na kuna Pipa: bapa kichwani, bapa miguuni. Wote wawili wana ufa wa mshazari ubavuni, uliopinda kidogo, kama mfuko wa kanzu. Ufa huo ndio mlango wao. Na ajabu ni kwamba kila tunapomkuta mwenye Ncha hatukosi kumkuta Pipa karibu. Wahenga wetu waliliona jambo hilo, wakatafakari sana, wakaandika kwamba hao ni majirani wema.

Haya. Nje ya lango walipiga kambi wenye ng'ombe. Walikuja visima vyao vilipokauka, wakaomba kunywesha, wakasomewa maandishi ya juu ya lango. Hawakuondoka. Waende wapi? Walichimba mchanga wa mto uliokufa, na mchanga ukawa unawapa maji kwa kijiko. Walinzi walikataza maji ya ziwa kutoka, eti yatatoka na tope, na tope likitoka ni shahidi amepotea. Mimi nilikuwa napenyeza kibuyu kwenye tundu la lango kila asubuhi, lakini kibuyu kimoja kwa kundi zima ni mate tu.

Upande wa pili wa tundu hilo alikuwa Minza. Sura yake nzima sikuwahi kuiona. Niliona jicho, au meno, au shanga, kwa zamu. Sisi wa ndani na wao wa nje ni watani tangu chini ya chini, na utani hauzuiwi na ukuta.

"Mtani!" angeita. "Umekula tope leo?"

"Nimekula na nimeshiba. Wewe umeoga mkojo wa ng'ombe?"

"Nimeoga na nimejipaka. Sogeza pua uninuse."

"Pua yangu ni ya kazi, siichezei."

Tungecheka mpaka mlinzi akohoe. Halafu ningesikia ng'ombe nyuma yake, sauti zao kavu, na kicheko kingenikauka na mimi.

Siku moja akapenyeza kifurushi cha majani kilichofungwa kwa katani. "Mtani, nimekuonea huruma na hilo tope lako. Nimekuokea mkate wa mofa. Ameuoka Shangazi mwenyewe." Shangazi alikuwa ng'ombe wake mkubwa, mwekundu, mwenye mimba. Nikafungua. Kilikuwa cha mviringo kama mofa kweli, na kikavu kama mofa iliyolala. Kilikuwa kinyesi cha ng'ombe. Nikasikia huko nje wanawake wanaanguka kwa kicheko.

Na desturi yetu mnaijua. Zawadi ya mtani haitupwi. Ukiitupa umekata utani, na aliyekata utani hatakuwa na wa kumchekesha msibani kwake. Ni lazima uitunze mpaka umlipe mzaha mkubwa zaidi. Nikaupeleka mkate wangu Nyumba ya Majina, nikauweka kwenye bakuli la kioo juu ya rafu, nikautandikia kitambaa kibichi chini na kuufunika kioo juu. Wenzangu wakauliza hiyo nini. Nikasema ni mkate wa mgeni, nauzuia usikauke. Kila asubuhi niliunyunyizia maji, kwa heshima zote. Nilikuwa nautafutia jibu.

Jibu likaota lenyewe. Kwanza ukaja ukungu mweupe kama ndevu za mzee aliyekata tamaa. Kisha vikachomoza vichupa vyeusi, vidogo, vyenye shingo. Kisha asubuhi moja nikakuta kile kioo cha kufunikia kina nukta nyeusi upande wa ndani. Vichupa vilikuwa vinatema juu, vinapiga dari. Nikasema, toba, mkate una hasira!

Asubuhi hiyohiyo, langoni, Minza hakunitania. Niliona jicho tu.

"Mtani," akasema, "Shangazi amelala chini."

"Amechoka?"

"Miguu imegoma. Ng'ombe mwenye mimba akilala kwa kiu, mpaka jua liwe utosini hajanyanyuka, basi." Jicho likageukia nyuma, likarudi. "Mama yake ndiye aliyenilea mimi. Mama yangu hakuwa na maziwa."

Nikampa kibuyu. Nilikipenyeza kwa pupa, kikamwagika nusu. Nikarudi kazini nikiwa sina mzaha hata mmoja mwilini, na kwa sababu sikujua nifanye nini, nikafanya ninachokijua. Nikachukua kile kioo chenye nukta, nikakiweka chini ya hadubini.

Spora wa kwanza alikuwa na vyumba vinne. Vinne kwa mstari, kama pingili za kidole, wa rangi ya chai, mrembo. Sikumjua. Nikasema shikamoo. Ili nimwone vizuri nikabonyeza kioo kwa ukucha, polepole, na yeye akakatika. Hakupasuka. Alikatika kwenye maungio, kwa utulivu, kama mtu anayefumbua mkono. Vikabaki vipande vinne: mwenye Ncha, Pipa, Pipa, mwenye Ncha. Kila mmoja na ufa wa mshazari ubavuni.

Nilipiga ukelele ambao nadhani ulisikika chini ya chini.

Niliwajua! Wote! Nimewahesabu maisha yangu yote!

Na hapo ndipo nilipoanguka. Sisemi nilianguka sakafuni. Nilianguka ndani, kama wanavyoanguka wasoma tope jicho likizidi kuzama. Maji yakanipita juu, mashuka yakanifunika moja baada ya moja, nikawa mdogo, nikawa wa rangi ya chai, nikasikia maneno yanasemwa na sikujua kama ni kinywa changu.

Mimi ni mwenye Ncha.

Hapana, mimi ni Pipa. Nina bega huku na bega huku, na mabega yote mawili yana baridi.

Walinichekecha. Walinisafisha sana, wakanisafisha na mwenzangu akatoka.

Waliniuliza una vyumba vingapi, nikasema vinne, lakini nilisema kwa sauti ya chumba kimoja na hawakusikia.

Nilitemwa asubuhi kutoka kwenye joto. Kulikuwa na majani, kulikuwa na ulimi mkubwa, kulikuwa na kwato zinaingia majini. Kumbuka kwato! Nilizikumbuka peke yangu gizani, mpaka nikadhani nimeziota.

Jirani yangu ananipenda. Sijui kwa nini.

Nilipopanda tena juu nilikuwa nimesimama mbele ya Bwana Shekalaghe, nimeshika bakuli, na maneno yalikuwa yameshanitoka nusu. Harufu ilikuwa imetangulia kuingia.

"Shikamoo, Bwana Mkuu."

"Marahaba. Mwamvita, hicho ni kinyesi mezani pangu."

"Ni mkate, Bwana Mkuu. Mkate wa mtani. Nakuomba utazame."

Akatazama. Shekalaghe ni mtu wa kelele za usafi, lakini mbele ya hadubini ni mtu mwaminifu, hilo sitamnyima. Nikambonyezea mmoja akakatika. Nikambonyezea mwingine. Aliinua uso, na mkufu wake haukulia.

"Unataka kusema," akaanza taratibu, "Droo ya Wapweke haina mpweke hata mmoja."

"Umo humo mkono mzima, Bwana Mkuu. Tulihesabu vidole tukausahau mkono."

"Na hii kuvu ni ya..."

"Ya kinyesi cha wala majani. Haioti penginepo. Spora humezwa pamoja na majani, hupita tumboni, huota kwenye mavi. Droo yako imejaa ng'ombe."

"Droo ya babu," akanisahihisha. Akatembea mpaka dirishani, akarudi. "Wanaweza kuwa nyati."

"Nyati ana sifa gani ambayo Shangazi hana? Tope linasema wenye kwato walikuja, wakanywa, wakaacha shukrani zao. Halisemi walikuwa wa nani."

Alifikiri. Kisha akaniuliza swali la haki, na haki yake ndiyo iliyoniuma. "Huyu wa bakuli ni wa uso wa maji, Mwamvita. Wale wa droo ni wa chini ya chini. Ndugu wa sura si lazima awe ndugu wa tumbo. Wewe mwenyewe unawafundisha vijana hivyo. Nionyeshe mmoja wa kale aliye mzima. Mmoja ambaye hajakatika. Nikimwona kwa jicho langu, nitafungua lango kwa mkono wangu. Nisipomwona, peleka mkate wako nje."

"Hatujawahi kumwona aliye mzima kwa sababu tunawavunja wenyewe!" nikapayuka. "Tunachekecha! Tunachekecha kwa nguvu, tunaosha, tunatikisa chupa kama tunasukasuka maziwa ambayo hatuna! Tunamvunja mtu, halafu tunaandika: huyu alikutwa peke yake."

Ebo! Nilishangaa mwenyewe. Mkono wangu ulikuwa umekwenda kifuani, umeshika kile kipingili.

Shekalaghe alivua mkufu wake ili usimsumbue, akauning'iniza kwenye msumari, akakunja mikono ya kanzu. "Leta mche mpya," akasema. "Ambao haujachekechwa. Na leta hadubini mbili."

Jua lilikuwa linapanda. Nilileta tope la chini ya chini, jeusi, linang'aa kama ngozi ya kambare, na kwa mara ya kwanza tangu Nyumba ya Majina ijengwe, tope halikuchekechwa. Nililiweka kwenye maji likaachia lenyewe. Tindikali niliimimina pembeni mwa chombo, bila kukoroga, kama unavyommiminia chai mgonjwa. Shekalaghe alisimama juu ya bega langu akipumua. Vioo vilikuwa vichafu, loo! Uchafu wa kila namna, nyuzi, makaa, magamba, vipande vya mabawa ya wadudu. Katika Nyumba ile kioo kichafu kilikuwa aibu kuliko uzinzi. Tukaketi bega kwa bega, jicho lake kule, langu huku.

Mwenye Ncha. Pipa. Sega la nyuki, mambo rafiki yangu, siyo leo. Tikiti maji. Pipa. Nilitafuta kama mama anavyotafuta sauti ya mwanawe sokoni. Kuna wakati sikujua nani anamtazama nani. Ninaweka jicho kwenye hadubini, na huko mwisho wa bomba kuna jicho. Ninageuza kioo, na mimi nageuzwa. Nilijiuliza, na nawauliza nyinyi: anayepanga, anasimama wapi anapopanga? Kuna rafu gani iliyo nje ya kabati zote? Shekalaghe na mkufu wake, mimi na kipingili changu, tumekaa benchi moja, tope lilelile kwenye kucha. Wa vyumba vingi na wa chumba kimoja tunavuta kamasi zilezile za mafua ya tindikali. Nikataka kucheka. Kisha nikamkumbuka Shangazi na miguu yake, nikarudi kwenye kioo. Pipa. Mwenye Ncha. Pipa peke yake. Peke yake. Peke yake.

Nikakata tamaa, nitasema kweli. Nilitazama dirishani na kivuli cha nguzo kilikuwa kifupi. Nikaona maisha yangu yote yaliyobaki, nikipita mbali na lile tundu la lango.

Upande wangu wa kushoto kukawa kimya.

Shekalaghe alikuwa ameacha kupumua. Kidole chake kilikuwa juu ya kioo. Nataka mlielewe jambo hili: kidole kilikuwa juu ya kioo. Mimi nilikuwa nimegeukia dirishani, na chumbani hapakuwa na mtu mwingine. Bonyezo moja tu, na pingili zingeachana, na droo ya babu yake ingebaki droo ya babu yake, na hakuna ambaye angejua, si juu wala chini.

"Mwamvita," akasema. "Njoo. Taratibu. Usiguse meza."

Nikainama. Alikuwa pale, katikati ya uchafu wote ule, amejikunja kidogo kama mtu aliyelala ubavu. Ncha, Pipa, Pipa, Ncha. Wameshikana. Tangu chini ya chini wameshikana, hawajaachana, wala hawakujua kwamba sisi tupo.

Nilimtazama Shekalaghe. Machozi yalikuwa yanamtoka na mabega yanamtikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka! Alikuwa anacheka cheko ambalo sikuwahi kulisikia katika Nyumba ile.

"Babu yangu," akasema, akipiga paja, "babu yangu, mwenye mkufu mpaka magotini... droo nzima... ya mavi! Na mimi naipangusa kila asubuhi! Kwa shuka langu la kulalia!"

"Majirani wema!" nikasema.

"Majirani wema!" akalia, akaegemea kabati, na mimi nikamwegemea yeye, tukacheka mpaka wenzetu wakaja mbio wakidhani tumevuta tindikali.

Alifungua lango kwa mkono wake, kama alivyosema. Komeo lilikuwa limeshika kutu, akaomba msaada, tukalisukuma watu kumi hivi. Mlinzi akaonyesha maandishi ya juu. Shekalaghe akamwambia, "Mavi yamo. Wamo. Nimewaona kwa jicho hili. Nawe kalete ndoo."

Na mji ukaleta ndoo. Sijui nani aliwaambia, labda kicheko. Walikuja na masufuria, na mabeseni ya kufulia, mama mmoja na chungu chenye mabaki ya mchuzi. Nikatoka nje ya ukuta kwa mara ya kwanza maishani mwangu na wala sikutazama nje kulivyo, maana Shangazi alikuwa amelala pale, mwekundu, ulimi nje, na kando yake amepiga magoti mwanamke mfupi, mnene, mwenye mwanya.

"Ndio wewe?" nikasema.

"Ndio mimi. Kumbe una sura mbaya hivyo, mtani? Bora tundu lilikuwa dogo."

Lakini alikuwa analia, na mimi nalia, na ndoo zinapita juu yetu kwa mikono. Shangazi alikunywa ya kwanza bila kufungua macho. Akanywa ya pili. Ya tatu akatumbukiza kichwa mpaka masikioni. Kisha akainua kwanza nyuma, kama ng'ombe wanavyofanya, akabaki amepiga magoti ya mbele kama mtu anayeomba radhi, watu wote wakashika pumzi, na akasimama.

Vigelegele hivyo! Sina droo ya kuviweka.

Kundi zima likaingia mjini likimfuata, kwato kwenye mawe, vumbi, kengele, wazee kwenye vizingiti wamefunika pua huku wanacheka. Shangazi hakusubiri kuonyeshwa njia. Akashuka moja kwa moja ziwani, akaingia mpaka tumboni, akanywa tena. Halafu, mbele ya mji mzima, mbele ya mlinzi na Mkuu wa Nyumba ya Majina, akainua mkia.

Lilikuwa jambo kubwa. Lilianguka majini kwa kishindo, likaelea kidogo, likaanza kuzama.

Minza akaweka mikono kiunoni, akamgeukia mlinzi. "Haya, baba," akasema. "Sasa yumo."

Shekalaghe akanijia. Alikuwa ameusahau mkufu wake msumarini, shingo yake ilikuwa tupu na nyembamba, na nilimwona kuwa ni mtu wa umri wangu tu. Akatazama kipingili kilicho kifuani pangu, akaona haya.

"Na wewe, Mwamvita," akauliza kwa upole, "wewe nikuandikeje sasa?"

Nilikivua. Kilikuwa chepesi kuliko nilivyodhani. Nikakigeuza mkononi, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba pande zake zote mbili zilikuwa bapa.

"Nipe muda kidogo, Bwana Mkuu," nikasema.

Nikavua viatu, kipingili nikakiacha ndani ya kimoja. Minza akanishika mkono wa kulia bila kuuliza. Wa kushoto nikamnyoshea Shekalaghe, akasita, akapandisha kanzu, akaushika. Mama wa chungu akamshika yeye. Tukaingia. Tope lilikuwa la uvuguvugu, lilipita kati ya vidole na kupanda kwenye vifundo, likatukubali mpaka magotini, na ng'ombe walisogea kidogo kutupisha kama watu waliozoea wageni.

Nawe unayenisoma, najua uliko. Uko juu, juu kabisa, kwenye uso wa maji ambayo sitayaona, umeinama, una shingo inayouma na maswali mengi. Utatukuta. Nakuomba kitu kimoja tu, mwenzangu: usichekeche kwa nguvu.